Mwanangu anakwenda kuishi na wafugaji wa mafahali wa rodeo: atakuwa salama, na atakula nini?

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Mwanangu wa kiume, miaka 16, amepata nafasi ya kusoma mwaka mmoja Marekani katika mpango wa kubadilishana wanafunzi. Familia itakayompokea iko Oklahoma. Wana ranchi na wanafuga mafahali wa rodeo, wale wanaorusha watu. Wametutumia picha, na tangu nizione sijalala vizuri. Mafahali hao hufanywa nini mpaka wakawa vile? Mtoto atawekwa karibu nao? Wameandika pia kwamba kwao nyama ya ng'ombe ni ya kila siku na yote inatoka nyumbani. Ndio hao hao mafahali wanaoliwa? Sisi ni Waislamu, atakula nini? Na nimfungie zawadi gani ya kupeleka? (Mama, Tanga)

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu, na hongera kwa kijana. Mimi ni mtu wa Pemba, daktari wa mifugo. Nilisoma Morogoro, nikafanya kazi nyumbani, kisha kwa miaka kadhaa nikawa kusini mwa Oklahoma nikizunguka ranchi hadi ranchi na gari la dawa. Nyumba kama hiyo anayokwenda mwanao nimeingia nyingi, nimelala humo na nimekula mezani pao. Nitakueleza niliyoyaona, na palipo na hatari nitaitaja kwa jina lake.

Hatari yenyewe haiko kwenye zile picha. Uwanjani, fahali anapomrusha mtu, pana watu waliosimama tayari kumvuta fahali upande wa pili, pana uzio wa kupanda, na aliyepanda amevaa fulana ngumu ya kinga. Tena kupanda fahali hakumkuti mtu kwa bahati mbaya. Ni lazima atake, afundishwe, na kwa kijana wa umri huo mzazi atie saini. Usitie. Waandikie waratibu wa mpango wake pamoja na familia yenyewe, sentensi moja tu, kwamba mwanao hapandi fahali wala ndama, kisha uliza bima yake inakataza nini. Najua utaambiwa kwamba watoto wa kwao hupanda ndama tangu wana miaka 7. Ni kweli, hupanda. Wao wamekulia humo.

Na kwa mpandaji, sikufichi, si mchezo wa kitoto. Lane Frost alikuwa kijana wa huko huko Oklahoma, bingwa wa dunia wa kupanda mafahali wa mwaka 1987. Tarehe 30 Julai 1989, huko Cheyenne, Wyoming, alimaliza sekunde zote 8 anazotakiwa mpandaji kukaa mgongoni, akashuka salama, na fahali akamgeukia akamgonga kwa pembe mgongoni. Alifia pale pale uwanjani, ana miaka 25. Fulana ya kinga wanayovaa leo ilitengenezwa na rafiki yake, Cody Lambert, baada ya msiba ule. Kaburi la Frost liko mji wa Hugo, na mpaka leo vijana huenda kusimama hapo. Mwanao akipelekwa, na aende, akasome miaka iliyoandikwa kwenye jiwe.

Lakini watu niliowaona mimi wakiumia katika nyumba hizi waliumia alfajiri, getini, ndoo mkononi. Mimi ni mmoja wao. Nilikuwa nimeingia kwenye kichochoro cha mabomba ya chuma kinachopitisha ng'ombe mmoja mmoja, nataka kumtazama jicho fahali mmoja wa kijivu niliyemjua kwa miezi mingi, mpole, anayekula mkononi. Inzi akamtua shavuni. Akageuza kichwa kumfukuza. Hakuwa na neno lolote na mimi, ni inzi tu. Kile kichwa kikanibana kwenye mabomba na mbavu 2 zikavunjika. Fahali wa rodeo aliyekomaa ana kilo 600 hadi 900, na uzito huo ukisogea kwa nia njema au mbaya, mbavu za mtu hazijui tofauti. Kosa lilikuwa langu. Niliingia peke yangu na sikujiachia pa kutokea.

Sisi husema fahali wawili hawakai zizi moja. Kule utawaona 8 au 10 wamelala chini ya mti mmoja wanacheua, na mgeni atadhani methali imekosea. Haijakosea. Wale wamekuzwa pamoja, wamekwisha kupimana nguvu, kila mmoja anajua anayempisha na anayepishwa naye. Mlete fahali mmoja mgeni, au mrudishe aliyekuwa safarini wiki 2, ndipo utakapoiona methali kwa macho. Nguzo za mbao huvunjika kama makopa. Siku ya kuchanganya mafahali mtoto hana kazi zizini, hata ya kufungulia maji, na hilo muombe baba wa nyumba alitamke mwenyewe mbele ya kijana.

Mfundishe haya kabla hajapanda ndege. Aingiapo popote penye ng'ombe, kwanza aangalie atatokea wapi. Asiingie peke yake, wala bila kumwambia mtu. Geti alilolikuta limefungwa alifunge, alilolikuta wazi aliache wazi. Huko geti lililoachwa ovyo huleta ugomvi wa nyumba nzima, na wakati mwingine ng'ombe barabarani usiku. Fahali akijipanga kiubavu, shingo ameitunisha, anaparua ardhi kwa kwato, ujumbe wake ni mmoja: ondoka. Basi aondoke kinyumenyume, polepole, akimtazama, asimpe mgongo mpaka ameufikia uzio. Na amwogope zaidi yule aliyelelewa kwa chupa, anayekuja mwenyewe kukunwa kichwa. Ndama dume aliyekulia mikononi mwa watu humwona mtu kuwa ng'ombe mwenzake, na akikomaa hutaka kupimana naye kama anavyopimana na wenzake. Paji la uso la ndama dume halikunwi hata akiwa mdogo kama mbuzi, maana ndiko kumfundisha kusukuma.

Sasa hao mafahali hufanywa nini. Hilo huulizwa kila nikirudi Pemba, na kila mara mtu hushusha sauti: ni kweli wanafungwa kamba kwenye korodani? Hawafungwi. Kamba ile nimeishika na nimeifunga kwa mikono yangu. Ni ya pamba, laini, nene kama kidole gumba, na inazunguka kiuno mbele ya mapaja, pale penye mbavu zimekwisha. Korodani ziko nyuma yake na chini, hazikutani nayo. Fahali akiisikia hutupa miguu ya nyuma juu zaidi ili aiondoe. Ukiikaza mpaka imuume, haruki tena. Husimama akagoma, au hulala chini, na mwenye fahali amepata hasara. Mchezo ukiisha, kamba hufyatuliwa, na wengi huacha kuruka hapo hapo wakarudi zizini wakitembea kama waliotoka mtoni kunywa maji.

Kinachomrusha mtu ni damu. Huko Sayre, magharibi mwa Oklahoma, alikuwapo mfugaji aitwaye Charlie Plummer, aliyefuga ng'ombe wenye damu ya Brahman, ng'ombe wa nundu, ndugu wa hawa zebu wetu. Zizi lake likatoa mafahali wanaoruka kuliko wa wengine, na leo ukifuata ukoo wa mafahali wengi mashuhuri utafika kwake. Nasaba hizo huandikwa na kuthibitishwa kwa vinasaba kwenye daftari la kitaifa, kama farasi wa mbio. Mfugaji hodari anaanzia kwa mama. Nimekaa na wazee wanaoweza kukutajia bibi na bibi mzaa bibi wa fahali mmoja, ukoo wa kike wote, bila kufungua karatasi. Ndama akifika miaka 2 hafungwi mtu mgongoni. Hufungwa kisanduku kidogo cha chuma, aruke nacho sekunde 4, kisha mwenyewe anabonyeza rimoti kisanduku kianguke. Ndama ajifunze kwamba akiruka vizuri mzigo hutoka. Asiyetaka kuruka halazimishwi, maana halazimishiki. Hutolewa kwenye kundi hilo.

Katika mashindano mtu hukaa kwa mkono mmoja, ule wa pili usiguse kitu, na anahitaji sekunde 8. Alama ni 100: nusu za mpandaji, nusu za fahali. Hapo ndipo utaelewa kwa nini familia hiyo imekutumia picha za mafahali kabla ya picha ya nyumba. Fahali wao ni mchezaji mwenye alama zake, jina lake na mashabiki wake. Mwaka 1967, Oklahoma City, Freckles Brown akiwa na miaka 46 alikaa sekunde zote 8 juu ya fahali aitwaye Tornado, ambaye kabla ya usiku ule alikuwa amewaangusha wapandaji wapatao 220 bila kushindwa hata mara moja. Uwanja uliinuka. Na Tornado alipokufa alizikwa kwa heshima kwenye viwanja vya jumba la makumbusho la makauboi la mji huo huo.

Mimi nimekulia kwenye mchezo wa ng'ombe wa Pemba, ule ambao watu husema tuliachiwa na Wareno. Kwetu ng'ombe huchokozwa akiwa na kamba, zumari linalia, wanawake wamevaa vizuri wanaimba, na mchezo ukiisha ng'ombe hachinjwi, anarudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo sikwenda Oklahoma na macho ya mtu asiyewahi kuona mnyama akichezwa. Wapo Wamarekani wengi wanaoipinga rodeo. Uingereza ilikwisha kuzuia kwa sheria mwaka 1934 vifaa vya kumfanya mnyama arukeruke, na mji wa Pittsburgh huko huko Marekani unakataza kamba ile ya kiunoni. Wasiwasi wao siudharau. Kama daktari, sekunde 8 za fahali hazinisumbui sana. Kinachonisumbua ni safari ndefu kwenye treila mwezi wa Agosti, lami inawaka, na mtu mvivu mwenye fimbo ya umeme anayoitumia kwa sababu iko mkononi tu. Kinachonisumbua zaidi ni ule mchezo mwingine wa kumkamata ndama kwa kamba shingoni akiwa mbioni, ambao sijawahi kuupenda. Mfugaji mzuri utamjua kwa treila lake: matandiko makavu sakafuni, anasimama kuwanywesha, na akifika anashusha ng'ombe kabla ya yeye kula.

Jambo moja pembeni, maana najua mama hulifikiria hata asipoliandika. Kijana wako hatakuwa mtu mweusi wa kwanza katika mchezo huo. Bill Pickett, aliyezaliwa Texas mwaka 1870, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, ndiye aliyeuanzisha mtindo wa kumrukia ng'ombe kutoka juu ya farasi na kumlaza chini, na alifanya kazi kwenye ranchi kubwa iitwayo 101 hapo hapo Oklahoma. Mwaka 1982 Charlie Sampson akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa kupanda mafahali. Zipo rodeo nzima za weusi huko, familia nzima zimevaa kofia, na akizitaja mezani ataona nyuso zinafunguka.

Tuje kwenye chakula. Hapana dada, fahali wa rodeo haliwi nyumbani kwake, na sababu si mapenzi peke yake. Fahali wa miaka 6 au 8 ambaye hajahasiwa nyama yake ni nyeusi, haina mafuta, na ina nyuzi kama kamba ya usumba. Aliyepata jina huachwa azalishe, na akifa wengi humzika shambani. Asiyepata jina, na hao ndio wengi, mwisho wake ni mnadani, na kutoka hapo ni nyama ya kusaga, ikichanganywa na mafuta ya ng'ombe wengine ndipo ikafaa kwa baga. Kijana akiona treila limeondoka na fahali fulani na limerudi tupu, asiulize kwa kelele mezani. Wenyewe huwa kimya siku hiyo.

Kinacholiwa nyumbani ni maksai. Familia nyingi za namna hiyo huwa na kundi la pili, ng'ombe wa nyama tu, Angus weusi au wale wekundu wenye uso mweupe. Ndama dume wao huhasiwa wakiwa wadogo, wanakula majani, na miezi ya mwisho huongezewa nafaka. Maksai akifika kilo 550 au 600 huchinjwa. Mzoga unabaki kama kilo 350, unaning'inizwa kwenye chumba cha baridi kiasi cha wiki 2 nyama ilainike, na mwisho kilo 200 na ushei zinarudi nyumbani zimefungwa kwenye karatasi nyeupe, kila kifurushi kimepigwa muhuri unaosema nyama hii haiuzwi. Muhuri huo usimtishe kijana. Maana yake mnyama amechinjwa kwa ajili ya mwenyewe na nyumba yake, basi. Friza lenyewe liko gereji, na mtoto mfupi anaweza kulala humo akajinyoosha.

Mara nyingi mgeni hukaribishwa kwa steki iliyokaangwa kama kuku, chakula ambacho Oklahoma mwaka 1988 walikiingiza kwenye mlo rasmi wa jimbo. Nilimtazama mama mmoja mwenye nyumba akikipika, mtu mzima wa miaka 70 na zaidi. Alichukua mnofu wa paja, ule mgumu, akaukata vipande vya ukubwa wa kiganja, akaviponda kwa ukingo wa sahani nzito, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana, mpaka kila kipande kikatanuka maradufu na nyuzi zikakatika. Akavipitisha kwenye unga wa ngano wenye chumvi na pilipili manga, akachovya kwenye mtindi uliopigwa na yai, akarudisha kwenye unga, kisha akaviacha kwenye sinia. Nilimuuliza anangoja nini. Akasema unga ukikaangwa haujashika utaachana na nyama kikaangoni. Vilipoiva akapunguza mafuta, akatia unga vijiko 2 kwenye masalia yale, akaukoroga mpaka ukanukia, akamimina maziwa taratibu, ukapata mchuzi mweupe mzito wenye pilipili manga tele. Muda wote huo alikuwa akiniuliza habari za ndama wake mwenye kikohozi, wala hakutazama mikono yake hata mara moja.

Jumamosi huenda ikawa kidari. Hiki ni sehemu ya mbele ya ng'ombe, kigumu mno, na kwetu huishia kwenye supu. Wao hukiweka kwenye moshi wa kuni za mwaloni kwa joto la nyuzi 110 au 120 tangu usiku, kwa muda wa saa 10, 12, hata 14. Ikifika nyuzi 70 hivi ndani, nyama hutoa jasho na joto lake husimama saa nyingi bila kupanda, na asiye na subira huongeza moto akaiharibu. Mwenye subira huiacha mpaka karibu 95, mishipa yote migumu imeyeyuka, na kisu kinazama chenyewe. Kijana akiamshwa alfajiri kwenda kutazama moto, asinung'unike. Kumpa mgeni zamu ya moto ni heshima.

Sasa Uislamu wake. Kuhusu uchinjaji wanazuoni wetu wana kauli zao: wapo wanaosema chakula cha Watu wa Kitabu kinafaa, na wapo wasiokula mpaka wajue kilivyochinjwa. Muulizeni sheikh wenu sasa hivi, mtoto aondoke na jibu moja moyoni, asianze kulitafuta mezani sahani ikiwa mbele yake. Jibu likiwa ni lazima achinje Muislamu, bado mlango uko wazi. Sheria ya Marekani inamruhusu mtu kuchinja mnyama aliyemfuga mwenyewe kwa ajili ya nyumba yake na wageni wake wasiolipa, na sheria yao ya uchinjaji ya mwaka 1958 inautambua uchinjaji wa kidini. Nimewaona wafugaji Wakristo wakimwita Muislamu wa mji wa jirani aje amchinje maksai mmoja kwa ajili ya mgeni, na nyumba nzima ikala nyama ile mwaka mzima. Waulizwe mapema tu, kwa adabu, kabla ya zamu ya machinjio kupangwa, maana foleni ya machinjio madogo huko huwa ndefu.

Lakini tatizo lake kubwa halitakuwa ng'ombe. Litakuwa nguruwe aliyejificha. Maharage yao mara nyingi huchemshwa na kipande cha nyama ya nguruwe kwa ajili ya ladha, na maharage mabichi vile vile. Vile vimkate laini vya asubuhi nyumba nyingine huvikanda kwa mafuta ya nguruwe. Mchuzi mweupe wa kifungua kinywa mara nyingi huanzia kwenye mafuta ya soseji za nguruwe, hata kama ule wa jioni ulianzia kwenye mafuta ya steki. Chapati za Kimeksiko za unga wa ngano na maharage ya kupondwa, pia ulizia. Vitamutamu vinavyotikisika na vile vyeupe laini kama pamba vina jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Chili, yaani mchuzi mzito wa nyama na pilipili ambao Texas waliufanya chakula rasmi cha jimbo mwaka 1977, wengine huutia bia, na kidari nacho hunyunyiziwa bia wakati mwingine. Mwenye nyumba hatakuwa na nia mbaya. Kwake yeye alichokitia ni kiungo tu, na ukimuuliza kama kuna nyama kwenye maharage anaweza kujibu hapana akiwa mkweli kabisa. Kwa hiyo kijana asiulize "kuna nguruwe?" peke yake. Aulize "umepikia mafuta gani?"

Haya yaandikwe kwenye barua kabla hajafika. Watu wale hujivunia kumlisha mtu, na aibu kubwa kwao ni mgeni kuondoka mezani na njaa. Mgeni anayekaa kimya akichokonoa sahani huwaumiza kuliko anayesema mapema. Barua ya nusu ukurasa inatosha: hali nguruwe wala mafuta yake, hanywi pombe wala chakula chenye pombe, nyama anakula kwa masharti haya, anasali mara hizi, na anapenda kusaidia jikoni. Sentensi hiyo ya mwisho msiisahau. Mtoto wa kiume anayeosha vyombo bila kuambiwa, mama yule atampigania kama wa kwake.

Kazi za nyumba atazikuta. Kabla ya basi la shule mafahali wamekwisha kulishwa. Januari maji ya kunyweshea huganda na mtu hutumwa na shoka kuvunja barafu, na hapo ndipo atakapojua kwamba koti ulilomnunulia Tanga ni shati. Kuanzia Aprili hadi Juni ni majira ya tufani za kimbunga. Siku ya kwanza aombe aoneshwe chumba cha kujificha kilipo, na ahesabu hatua za kukifikia gizani. Shuleni ajiunge na FFA, chama cha wanafunzi wa kilimo kilichoanza mwaka 1928, wale wa jaketi la buluu. Humo atajifunza kumshika ng'ombe chini ya mwalimu, na atapata marafiki upesi kuliko kwenye mpira wa miguu.

Zawadi. Asibebe nyama kavu, hata kipande, wala ngozi mbichi. Marekani haijapata ugonjwa wa miguu na midomo tangu 1929, sisi tunao, na kiatu chenye samadi ya Tanga kinaweza kuwafilisi wafugaji wa majimbo kadhaa. Viatu vyake avisugue mpaka kwenye nyayo, na kwenye forodha akiulizwa kama amekuwa karibu na mifugo aseme kweli. Viungo vikavu ataviandika kwenye fomu na kuvionesha. Mfungie karafuu, iliki, mdalasini, pilipili manga, na uzile mwingi, ule mnaouita bizari nyembamba. Uzile ndio unaonukia kwenye chili yao, kwa hiyo siku atakayowapikia pilau watainua vichwa kabla sufuria haijafunuliwa, wakiitambua harufu bila kujua wameijulia wapi.

Apike Jumapili jioni, siku ambayo wengi wamekwisha kurudi kutoka kwenye rodeo na wamechoka. Nyama asitoe ya paja, itamkaukia. Aombe ya bega au mbavu fupi zenye mfupa. Na siku maksai anayefuata atakapopelekwa, amwambie baba wa nyumba mapema aandike kwenye fomu ya machinjio kwamba maini, ulimi, mkia na mifupa ya supu virudi nyumbani, maana usipoviomba huko havirudi.